Goti la Mzee Tarrant

Basi la kwenda Devizes lilikuwa halijatoka kituoni Gwenda alipokunja gazeti lake, maana kiti cha mbele kilikuwa na habari tamu zaidi.

Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau alikuwa anamsimulia mzee Tarrant, ambaye mama huyo hakumjua hata kwa sura, jinsi alivyolala chali katika lile duara la ngano iliyolazwa lililotokea usiku shambani, ambalo watu walisema limechorwa na wageni wa angani, na goti lililomtesa miaka sita likapona. "Sasa nacheza dansi jikoni, mzee wangu. Wale wageni wa angani wanaijua kazi yao."

"Wageni gani, mama? Lile duara nimelichora mimi, kwa kuilaza ngano kwa ubao na kamba."

Gwenda akajikohoza ili asicheke.

Mama hakutikisika. "Na nani alikwambia ulichore pale?"

"Hakuna. Nilipaona panafaa tu."

"Ndivyo wanavyofanya. Ulitaka wakuandikie barua?"

Miaka thelathini mzee amelaza ngano ya watu ili awacheke wajinga, na leo amegeuzwa tarishi wa wageni wa angani. Akajitetea: "Basi mbona mstari mmoja umepinda? Pale nilijikwaa, nikaumia goti."

"Karibu na jiwe jeupe? Hapo hapo ndipo nilipolala."

Basi likafika kituo cha mzee, likasimama. Mzee akainuka, goti likalia kama mlango usiotiwa mafuta. Akachechemea hadi mlangoni, akageuka, akarudi, akainama kwenye ile kofia.

"Ulipolala pale, kichwa ulikielekeza upande gani?"