Mama Tiketi na Mkebe wa Biskuti

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni, marehemu alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, miwani imefungwa uzi upande mmoja, akamsomea mumewe riwaya ya upelelezi mpaka chai ikapoa. Tajiri alikuwa ameuawa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Mumewe akasema muuaji ni mpishi.

"Wewe kila kitabu ni mpishi," marehemu akamwambia. "Mpishi amekukosea nini, mzee?"

Mumewe akajibu kwamba mtu anayeshinda na kisu mkononi na wala si seremala, yeye hamwamini. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza mboga. Alisoma hadi darasa la nane. Alikuwa wa kwanza darasani, akatolewa shule ili kaka zake waendelee. Hilo hakulisamehe, na mumewe hana ruhusa ya kulisamehe kwa niaba yake.

Mwaka 1969 aliajiriwa kukata tiketi kwenye jumba la sinema, na ndipo alipopata jina la Mama Tiketi, hata kabla hajawa mama wa mtu. Kwa ajili ya wachelewaji, dirisha lake halikufungwa mpaka filamu ifike katikati. Basi filamu zote alizijua mwisho, mwanzo hajui. Siku moja aliingia ukumbini akachuchumaa karibu na seremala aliyekuwa akitengeneza viti vya mle ndani, akanong'ona, "Kaka, huyu mwenye koti refu katokea wapi?" Seremala alikuwa amesinzia. Akatunga. Akaendelea kumtungia kila wiki, naye akisikiliza kwa heshima zote. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, na jioni ya harusi bibi harusi akamwambia kwamba tangu siku ile ya koti refu alijua anadanganywa.

Jumba lilifungwa mwaka 1993, likageuzwa ghala la saruji. Jioni akawa anatazama filamu zake kwenye televisheni, na asubuhi riwaya. Mumewe hakusoma, hata haya ameyasema kwa mdomo, mkwe wake akaandika. Kwa hiyo alisomewa. Kitabu kipya kikiingia nyumbani, marehemu alichukua wembe, akakata sura ya mwisho bila kuitupia jicho, akaiweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Mkebe haukufunguliwa mpaka kila mmoja amtaje kwa sauti mtu anayemshuku. Wakishamaliza, aliishonea sura mahali pake kwa sindano, maana alikuwa binti wa fundi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Jumanne hiyo ya tarehe 3 Juni, mchana, pumzi zilimbana. Hospitalini aliambiwa akae kwenye benchi asubiri, akasubiri mpaka giza likaingia. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Juni. Wanaosema ni mipango ya Mungu, mumewe anawaheshimu. Lakini benchi lile lilipangwa na watu.

Mumewe akiwa bado hospitalini, nyumbani watoto walikuwa wakiandaa sebule kwa ajili ya waombolezaji. Mwana wa kwanza akafungua mkebe, akakuta karatasi, akawashia jiko la chai. Alipoulizwa akasema, "Baba, si zilikuwa karatasi zimechanika tu?" Mkwe ameomba maneno haya yaondolewe. Hayaondolewi. Kijana amekulia nyumba ile, na hata siku moja hakuuliza kwa nini mkebe wa biskuti hauna biskuti. Nanyi mliokunywa chai ile, mmekunywa sura ya mwisho ya mama yenu.

Kitabu hicho cha Jumanne kina jalada la kijani lililofutika jina, lenye picha ya ngazi na taa. Aliye na nakala yake asilete maua. Alete kitabu. Asisimulie mlangoni, aingie jikoni, akae, asome polepole. Kiti cha dirishani asikikalie.

Ameacha mume, wana wawili, binti mmoja, wakwe na wajukuu. Mwana wa kwanza yumo katika hesabu hiyo, na ataendelea kuwamo.

Alale mahali pasipo na benchi la kusubiri.

Pale hospitalini, muuguzi alipokuja hatimaye kumchukua, mumewe alimwuliza mkewe muuaji amemchagua nani. Marehemu akavua miwani, akampa amshikie, akasema:

"Mimi nimeshamjua. Sikwambii mpaka nirudi. Wewe endelea na mpishi wako."