Mipira ya Mikono

KATIBU: Haloo, nani mwenzangu? Sema haraka, niko uwanjani na mambo yamenichachia.

MUUGUZI: Shikamoo kaka.

KATIBU: Marahaba, ah, kumbe wewe. Dada'ngu, nipigie jioni. Mgeni wa shirikisho la dunia yuko jukwaani. Asipoona mechi leo, chama chetu cha taifa kinafutwa uanachama, na mimi katibu wake naenda kufuga kuku.

MUUGUZI: Mechi haijaanza?

KATIBU: Kuna kitu kidogo.

MUUGUZI: Kidogo kama nini?

KATIBU: Uliwahi kuagiza kitu ukaletewa— (mkwaruzo) —vidole vitano?

MUUGUZI: Vidole?

KATIBU: Glovu, za hospitali, maboksi kwa maboksi. Niliandika "mipira ya mikono", jina la mchezo wetu wenyewe, nikajua hapo hata mlevi ataelewa.

MUUGUZI: Na sisi hospitali tuliandika "mipira ya mikono".

KATIBU: Usiniambie.

MUUGUZI: Daktari wa upasuaji kanyoosha mikono nimvalishe, kafumba macho kama kawaida yake. Nikampa kilichokuwemo kwenye boksi.

KATIBU: Akasemaje?

MUUGUZI: Akaudundisha. Nimemwacha koridoni anarushiana na mhasibu. Mgonjwa wa henia ndiye refa.

KATIBU: Afadhali nyie. Huku mabinti wamepuliza glovu wakaifunga fundo, wakiirusha golini inawarudia usoni. Golikipa kacheka mpaka mgongo umembana, kabebwa. Mgeni nimemvisha jozi, anadhani ni ukarimu. Nakuomba, nirudishie mipira yangu.

MUUGUZI: Utaipata. Hotuba umeshaisoma?

KATIBU: Hotuba gani tena?

MUUGUZI: Ile ya historia ya chama. Si huwaachi wageni bila kuwasomea.

KATIBU: Bado. Naanza na kazi zetu: kusimamia ligi, kufundisha marefa, kuchagua timu ya taifa—

MUUGUZI: Kuagiza mipira.

KATIBU: Usinitoneshe kidonda. Halafu naeleza tulivyokianzisha, vijana wachache nyuma ya kiwanda cha sabuni, tukiwa na mpira mmoja tu.

MUUGUZI: Ulitoka wapi?

KATIBU: Nini?

MUUGUZI: Huo mpira. Uliota?

KATIBU: Mtandao unasumbua.

MUUGUZI: Mtandao mzima, nakusikia mpaka unavyomeza mate.

KATIBU: Aliushona mama. Kwa pazia la sebuleni.

MUUGUZI: Baba akala chakula majirani wakimtazama mwezi mzima. Na golini?

KATIBU: Golini hakuna aliyetaka kukaa, ule mpira ulikuwa mzito, mama alijaza—

MUUGUZI: Nani alikaa, kaka?

KATIBU: Ulikaa wewe. Ukapasuka mdomo, ukagoma kutoka.

MUUGUZI: Na mlipokwenda kukisajili chama?

KATIBU: Si tulikwambia ubaki ulinde viatu vyetu.

MUUGUZI: (kimya)

KATIBU: Upo?

MUUGUZI: Nipo. Vilikuwa vinanuka.

KATIBU: Leo nalisema, na kipaza sauti nimeshakishika. La mama na pazia lake, na la kwako.

MUUGUZI: Basi mwambie bawabu afungue geti.

KATIBU: Geti lipi?

MUUGUZI: La uwanja. Husikii honi? Ni gari letu la kufulia. Mipira yako iko chini ya mashuka.

KATIBU: Kumbe ulikuwa njiani muda wote! Kwa hiyo hata nisingesema—

MUUGUZI: Ningekuletea. Ila ungekuwa hujasema.

KATIBU: Mtoto wa mama wewe. Bawabu, fungua! Mpishe huyo!

MUUGUZI: Fanya upesi, salio linaniishia. Nipe glovu zetu nirudi, daktari ananisubiri.

KATIBU: Daktari si yuko kwenye mechi? Hebu ngoja kwanza. Golini hakuna mtu.

MUUGUZI: Kaka, acha utani. Magoti haya? Na nimevaa ndala za wodini.

KATIBU: Zivue hapo mlangoni, nazilinda mimi.

MUUGUZI: Zina harufu, nakutahadha—

(Salio limekwisha.)