Azikwe Siku ya Kikao: Wasifu wa Mzee Tarehe

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja: mtu tunayemsindikiza leo, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alifanya kazi moja tu maishani, nayo ilikuwa kulipangia Bunge siku zake za kukaa. Kazini walimwita Mzee Tarehe tangu hajaota mvi hata moja. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye ndiye anayeusoma. Wajomba walimwomba auandike kwa upole, naye amejitahidi kwa aya mbili tatu za mwanzo.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 17 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yake, huku mteja mmoja akisubiri suruali yake pale mbele. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa karani wa posta, mtu wa maneno machache. Kwa kuwa mama hakuwa na wa kumwachia mtoto, alimkalisha chini ya meza ya cherehani na kumpa kopo la maziwa lililojaa vifungo. Watoto wengine wangevimeza. Huyu alivipanga sakafuni kwa mistari, vyeusi na vyeusi, vyeupe na vyeupe, na mtu akikanyaga mstari wake alilia mpaka urudishwe ulivyokuwa. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana adabu ya vitu." Ya watu alikuwa bado hajajua kama ipo au haipo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, ambako akiwa kidato cha tatu alikabidhiwa kupanga zamu za kufagia, kuchota maji na kuosha masufuria. Kwa miaka miwili hakuna aliyegombana na mwenzake kuhusu zamu, jambo ambalo shule ile haikuwa imelishuhudia kabla yake wala haikulishuhudia tena. Mwaka 1989 alipata stashahada ya uendeshaji wa ofisi. Mwalimu mkuu alimwandikia kwamba ni kijana mtulivu, atafaa popote. Mwalimu mkuu, Mungu amrehemu naye, hakuwa amewahi kuwaona waheshimiwa wakipanga jambo.

Aliajiriwa katika ofisi ya Bunge tarehe 2 Julai 1990, na mwaka 1997 akakabidhiwa ratiba ya mwaka. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, ukipita stoo ya karatasi, na dirisha lake lilitazama magurudumu ya magari ya wabunge. Kopo la vifungo alikwenda nalo. Kila Oktoba alichora mwaka mzima kwa chaki juu ya meza ndefu, kisha akaweka vifungo. Vyeusi vya makoti vilikuwa vikao vya Bunge zima, vyeupe vya mashati vilikuwa kamati, vyekundu sikukuu, na vya bluu wiki za wabunge kwenda majimboni kuwaona waliowachagua. Katiba ilidai bajeti ipite kabla ya Julai kuingia. Kanuni zilidai kamati zipewe muda wa kusoma kabla ya kusema. Yote hayo aliyatosheleza, meza ikapendeza, na mtu angeweza kudhani nchi ina akili.

Halafu wanaingia waheshimiwa wenyewe. Kamati ya uongozi ilikuwa ikiketi mara moja kupitisha ratiba, na mara nyingi zaidi kuivuruga. Mnadhimu wa upande wa serikali, ambaye kazi yake ni kuwachunga wabunge wake wasipotee siku ya kupiga kura, alikuwa na mazoea ya kuja chumbani na mfuko wa karanga, akasogeza vifungo kwa kidole kilichojaa chumvi.

"Hiki kihamie huku. Na hivi vitatu viondoe."

"Mheshimiwa, hivyo vitatu ndiyo wiki ya bajeti ya afya."

"Afya si wataijadili siku yoyote? Mimi nina harusi ya kijana wangu."

Marehemu aliondoa vitatu, akatafuta pa kuvipachika. Kwa miaka ishirini na saba alitafuta pa kuvipachika. Dada yake alimwambia mara nyingi kwamba watu wale hawakuhitaji mpangaji, walihitaji yaya. Alicheka tu. Aliamini kabisa kwamba mwaka mmoja, angalau mmoja kabla hajastaafu, ratiba ingekaa kama alivyoipanga, toka Januari hadi Desemba. Hicho ndicho alichokitaka duniani. Wengine hutaka shamba.

Tarehe 12 Desemba 1992, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye leo amekaa hapa mbele yetu. Wifi yetu huyu amezoea watoto wanaonyang'anyana viti, kwa hiyo kazi ya mumewe aliielewa kuliko sisi sote. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1994 na wa kiume mwaka 2000. Kuzaliwa kwa huyu wa kiume kuna habari yake, na hatuwezi kuiacha.

Mwaka huo kamati ya uongozi ilikata wiki mbili za Juni ili wajumbe wake wasafiri ng'ambo kujifunza jinsi mabunge mengine yanavyotunza muda. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Waliporudi na masanduku yao, bajeti ilikuwa haijaguswa, na Ijumaa tarehe 30 Juni ikawakuta midomo wazi. Hapo ndipo mkubwa mmoja akapata akili. Spika asiahirishe kikao. Asipoahirisha, kwa mujibu wa kumbukumbu za Bunge siku haijaisha, na kama siku haijaisha, basi Julai haijaingia. Wakakubaliana wote, pande zote mbili, jambo walilokuwa hawajalifanya mwaka mzima. Wakawa wanasimamisha kikao, wanakwenda kula na kulala, wanarudi, na Ijumaa inaendelea. Ijumaa ile ilikwisha Jumanne. Marehemu alipewa jukumu la kuzunguka jengo zima akihakikisha kila kalenda ukutani inaonyesha tarehe 30.

Jumapili mchana, mama watoto akashikwa na uchungu. Marehemu alikwenda kwa Katibu wa Bunge, aliyekuwa bosi wake.

"Bosi, naomba ruhusa. Mke wangu yuko leba."

"Si uliniambia anatarajia Jumapili?"

"Ndiyo, bosi."

"Leo hapa ni Ijumaa. Kaa chini, mbona una haraka?"

Watu waliokuwapo walicheka, na marehemu akacheka nao kwa sababu alidhani ni utani. Ulikuwa utani kweli, ila ruhusa haikutoka. Alimwona mwanawe mara ya kwanza Jumanne jioni, mtoto ameshalala kifuani kwa shangazi yake. Ndiyo maana kijana huyu nyumbani tunamwita Ijumaa Ndefu. Amekua vizuri na ni fundi umeme, tunashukuru. Bajeti ile ilipita bila hata mmoja wao kuisoma.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwishoni mwa 2023. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye utumbo, na daktari akasema mapema kwamba ukitolewa haraka atapona. Alipangiwa upasuaji Jumatatu tarehe 12 Februari mwaka huu. Wiki moja kabla, waheshimiwa wakavuta mkutano wao mbele kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kutueleza, na ratiba yote ikabidi ipangwe upya. Spika alimpigia simu mwenyewe. Simu iliwekwa sauti ya juu, tukaisikia sote sebuleni.

"Mzee Tarehe, pole sana. Sasa hiyo tarehe yako ya hospitali haiwezi kusogea kidogo? Ya kwetu unajua ni mambo ya kikatiba."

Ya kwao walikuwa wameshaisogeza mara nne. Marehemu akasema, "Sawa, mheshimiwa." Akapangiwa tena Jumatatu tarehe 22 Aprili, na wakavuruga tena, na akasema tena, "Sawa, mheshimiwa." Tunawadharau waliomwomba, na tutaendelea kuwadharau tukitoka hapa. Lakini wasifu usiosema kweli ni wa kufungia maandazi, kwa hiyo tuseme na hili: alikubali. Dada yake alimuuliza siku ile, "Wewe ni mtu mzima au ni kifungo?" Alikwenda chumbani kutafuta miwani yake, arudi mezani.

Alifanyiwa upasuaji mwezi Julai. Daktari alimfungua, akatazama, akamfunga. Hakuwa na la kufanya tena. Mama watoto alimuuguza nyumbani, na wiki za mwisho hospitalini, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Kutoka Bunge vililetwa vikapu viwili vya matunda na mpiga picha.

Mwezi Septemba, akiwa bado ana sauti, alimwita dada yake na mkewe wasogee.

"Nizikeni siku ya kikao," alisema.

"Kwa nini, baba watoto?" mkewe akauliza.

"Mkinizika siku ya mapumziko watajaa wote. Watahutubia mpaka maiti ichoke. Siku ya kikao atakuja anayetaka kuja." Akajisogeza kwenye mto. "Halafu kuna tarehe nimeipanga mimi, nataka ikae. Hata moja tu."

Aliaga dunia Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Jumatatu asubuhi afisa itifaki wa Bunge alifika msibani amevaa tai, akasema Mheshimiwa Spika anaomba mazishi yasogezwe hadi Jumamosi ya tarehe 19, ili waheshimiwa wapate nafasi ya kumuaga mtumishi wao mwaminifu. Wangeleta turubai kubwa na magari ya kutosha. Wajomba, tusifichane, walilegea. Turubai lao walilitamani. Mmoja alisema, "Wiki moja na ushee ni nini kwa mtu aliyekwisha kufa?"

Mjane akanyanyua kichwa. "Mume wangu mmemsogeza akiwa hai," alimwambia yule afisa. "Maiti hamuisogezi."

Afisa itifaki alimtazama dada wa marehemu, akidhani pengine kwa mtu mzima atapata msaada. Dada wa marehemu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hakuwa na nafasi ya kumjibu. Kwa hiyo ni leo, Jumatano. Ofisi ya Spika ilituma ujumbe kwamba waheshimiwa wamesikitika sana, ila wanabanwa na kikao, na kwamba kama hali itaruhusu tuwawekee viti arobaini pale mbele. Tumeviweka, mnaviona, na vitambaa vyeupe juu yake.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe mmoja wa kiume, wajukuu wawili na dada mmoja. Ameacha pia wenzake wa ofisini, ambao tutawataja kwa kazi zao kwa kuwa wamekuja: mama wa chai, wachapaji wawili wa taarifa za Bunge, dereva wa basi la wafanyakazi, na mlinzi wa lango la nyuma aliyebadilishana zamu ili afike. Tunawashukuru. Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi, ambao tarehe zao zilikuwa za kweli.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika, maana yametokea zikiwa zimeshachapwa. Mtaniwia radhi.

Asubuhi hii, tulipokuwa tunajiandaa kutoka nyumbani, redio imetangaza kwamba kikao cha Bunge cha leo kimeahirishwa. Spika alikaa, wabunge wakahesabiwa mara mbili, na idadi inayotakiwa ili kikao kiendelee haikutimia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Basi tumegeuka kutazama barabara, tukidhani labda wako njiani wanakuja huku, kwa kuwa huko hawapo. Huku nako hawapo. Walikuwa na mahali pawili pa kuwa leo, na pote pawili hawakufika. Mzee Tarehe angelikuwa hai angeshaanza kuwatafutia siku nyingine.

Kwa hiyo tunawaomba mliosimama nyuma juani, hasa akina mama wenye watoto, mje mkae kwenye viti vile. Vitambaa msiviogope, kalieni tu.

Jambo la mwisho. Koti alilovaa marehemu amelishona dada yake kwa siku mbili hizi. Vifungo vyake vimetoka katika kopo la mama, vile vyeusi vya vikao. Kila kimoja kimepigwa uzi mara nne na kufungwa fundo kwa ndani, na dada yake amevivuta kimoja kimoja kwa nguvu zake zote kabla jeneza halijafungwa. Apumzike hivyo alivyo, ndugu yetu. Hakuna atakayevisogeza.