Tanzia Tatu za Dada Nevyana

Baada ya miaka thelathini na minane, Bi. Nevyana Karadzhova, mwandishi wa habari na wa riwaya, anastaafu leo, tarehe 31 Mei 2019, kutoka gazeti letu la hapa Topolnik. Katika hesabu hiyo tumeitia na miaka minne aliyokuwa amefukuzwa, maana hakuna aliyemzidi kazi wakati huo. Uongozi umeagiza wasifu huu uwe mfupi na mtamu. Ufupi nitajitahidi.

Anaondoka na kinyongo, na sisi pia. Makala yake ya mwisho, kuhusu rangi zinazomwagwa mtoni na kiwanda cha ngozi cha Bwana Hristofor Malev, ilizuiwa wiki iliyopita. Bwana Malev ndiye pia mmiliki wa gazeti hili tangu Januari. Mhariri mkuu alimbembeleza: "Dada, wewe unaondoka, vita waachie wengine." Akajibiwa, "Mwanangu, mto haustaafu."

Alianza mwaka 1981 katika kurasa za harusi na hali ya hewa. Mwaka 1986 aliandika kuhusu kiwanda hichohicho, wakati huo kikiwa cha serikali: mto ulikuwa mwekundu au wa kijani kutegemea viatu vilivyoagizwa. Wakubwa waliizuia makala, wakamwambia jina lake halitaonekana tena gazetini.

Kulipokucha, milango, miti na vituo vya basi vya mji mzima vilikuwa na tanzia yenye pambizo nyeusi na picha yake. "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mwandishi Nevyana Karadzhova. Aliyoyaacha ni haya." Chini yake ilifuata sehemu ya kwanza ya makala.

Mama yake hakuwa ameambiwa. Alikimbia njia nzima akilia, kitambaa cheusi kichwani, akamkuta marehemu jikoni anachoma pilipili hoho.

"Huna haya wewe! Nimekulilia mtaa mzima!"

"Basi umenisaidia kutangaza, mama."

Kwetu tanzia haibanduliwi, ni mkosi; huachiwa mvua. Polisi aliyetumwa kuziondoa alisimama mbele ya mlango wa kwanza, akavua kofia, akarudi kwa mkubwa wake. "Kabandue mwenyewe, mzee. Mimi nina watoto." Arobaini ilipofika, ikatoka tanzia mpya kama ilivyo ada, na sehemu ya pili. Miezi sita ilipotimia ikatoka ya tatu, ikiwa na majina ya wote walioidhinisha uchafu ule.

Hapo ndipo alipofukuzwa na kupelekwa kufungasha biskuti. Riwaya yake ya kwanza aliiandika huko, nyuma ya vipande vya maboksi. Wahakiki wa mji mkuu, Sofia, waliiita ya kishamba. Akaandika nyingine tano, kila moja ya kishamba kuliko iliyotangulia, na watu wa hapa wamezisoma hadi zikachanika. Alirudi gazetini mwaka 1990. Kiwanda nacho kilijenga mtambo wa kusafisha maji, ambao hadi leo hufanya kazi vizuri sana siku za ukaguzi.

Ni mkali, hana subira na wavivu, na kahawa yake haifai kunywewa na mtu mwenye moyo dhaifu. Tunampenda mno.

Asante, dada Nevyana, kwa kutuonyesha kwamba mwandishi anaweza kukatazwa na bado akasomwa. Tunakuombea afya, nyanya tele bustanini, na riwaya ya saba.

Programu hii ya hafla ya kumuaga tumeichapa wenyewe, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kutaka kuihariri. Upande wa pili ipo makala iliyozuiwa, nzima, na chini ya jina lake yapo majina yetu sote wa chumba cha habari. Tunajua huenda Jumatatu tukakuta meza zetu zina wenyewe wapya.

Bwana Malev, mgeni wetu rasmi, karatasi unayo mkononi. Igeuze.