Elijah Mwandawiro na Safari ya Kleoni

Ndugu, jamaa na marafiki mliopanda milima kuja Wusi leo, Jumamosi tarehe 15 Septemba 1984, familia inawashukuru. Tunawaomba mketi kivulini na mtuvumilie tunapowasomea maisha ya baba yetu, Elijah Mwandawiro, jinsi tulivyoyajua sisi aliotulea.

Marehemu alizaliwa hapa Wusi tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima. Alichunga mbuzi na kukata miwa kama watoto wengine wa wakati ule. Babu yake hakuwa Mkristo. Siku moja alimshika mkono akampeleka kwenye pango lenye vichwa vya wazee wa ukoo, maana hivyo ndivyo Wadawida walivyowatunza watu wao kabla ya Injili kufika. Huko marehemu alimwona babu akijaza pombe ya miwa mdomoni, akaipuliza mbele ya wale wazee na kuwaombea jamaa zake mema. Tendo hilo kwetu linaitwa kutasa. Marehemu hakupenda kulizungumzia.

Alianza shule ya misheni mwaka 1940, na mwaka 1943 akabatizwa na kupewa jina la nabii Elijah. Walimu waliwafundisha kupita chini ya lile pango bila kugeuza shingo, naye alitii. Alimaliza darasa la nane mwaka 1949. Alikipenda sana Kiingereza, hata mama yake alikuwa akilalamika kwamba kijana huyu hawezi kufungua kopo la samli kabla hajalisoma pande zote.

Mwaka 1951 aliajiriwa na reli huko Voi kama mpagazi. Baadaye alipandishwa kuwa karani wa tiketi, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu kwa sababu ya ugonjwa. Alitumikia kwa muda pia kwenye njia ya kwenda Taveta. Waliopita Voi miaka ile watamkumbuka kwa sauti yake. Treni ya Mombasa ilipokaribia, aliwatangazia abiria kwa Kiswahili, Kidawida, Kikamba na Kiingereza, na hakuna aliyeachwa kwa kutoelewa.

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Lois Wakio, tarehe 6 Desemba 1958. Mungu aliwajalia watoto wanne. Kifungua mimba wao, Donald, alizaliwa mwaka 1960. Tarehe 3 Mei 1972 homa ya uti wa mgongo ilimchukua Donald, akazikwa katika kiwanja cha kanisa letu hapa Wusi. Baba hakulia mbele ya watu. Jumatatu alirudi stesheni, akawatangazia abiria treni. Lakini nyumbani aliacha kuimba, na jina la Donald hakulitamka tena, ingawa kila mtu aliendelea kumwita Baba Donald.

Mwaka 1979 televisheni ilianza kuonyesha mchezo wa Kiingereza uliotokana na hadithi za kale za Wagiriki. Uliitwa Safari ya Kleoni. Kleoni alikuwa mfinyanzi aliyemkosea mkubwa wa bahari, akapoteza jahazi lake na wenzake, akawa anazunguka nchi baada ya nchi akipigana na majoka, ng'ombe wa shaba na wanawake wenye mabawa. Bwana Nzomo, mwenye duka karibu na stesheni, alikuwa na televisheni. Jumamosi jioni aliigeuza ielekee barabarani, watu wakaketi chini mpaka ng'ambo ya pili. Wengi hawakujua Kiingereza, kwa hiyo baba alisimama kando ya televisheni na kofia yake ya reli, akatafsiri kila neno kwa sauti za watu wote, wake kwa waume.

Kwa kuwa alikuwa Mkristo, hakukubali kuwaita wale wa Kigiriki miungu. Aliwaita "wakubwa wa mlimani."

"Hao wakubwa wako wanagombana kama wake wenza," alisema Mama Mumbe, aliyeuza njugu pale mbele. "Na huyu Kleoni anakula saa ngapi? Tangu mwezi jana anatembea tu!"

"Alikula wakati wa tangazo la sabuni, mama," baba akajibu.

"Basi angetuachia mfupa!"

Watu walicheka hadi Nzomo akawatishia kuzima. Tuliofika pale tulimwona baba akicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni aende. Huko ndiko anakopumua."

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, Kleoni alishuka katika nchi ya wafu kumtafuta mwanawe mdogo aliyekufa. Baba alisema "kuzimu," na Mama Mumbe akamkatiza.

"Kuzimu ni motoni, Elijah. Mtoto mdogo vile alikosa nini?"

Baba alimgeukia. "Si motoni, mama. Ni kama pale wazee wetu wa zamani walipowekwa, mtu akawa anaenda kuzungumza nao."

Ndipo Kleoni akamwaga asali na divai chini ili wafu wamsogelee. Baba alichukua chupa ya soda mkononi mwa Nzomo, akajaza mdomo, akapuliza mbele ya televisheni kama babu yake alivyofanya. Kisha akasema kwa Kidawida maneno ya kubariki. Kleoni alikuwa amekwisha kunyamaza, lakini baba aliendelea. Wazee wa Kidawida waliokuwepo walivua kofia. Bibi mmoja akaanza kulia. Hakuna aliyeangalia televisheni tena.

Habari zilipanda milima kabla ya Jumapili. Wengine walicheka barabarani: "Elijah wa Biblia aliwachinja manabii wa Baali. Wetu anawatafsiria!" Lakini baraza la kanisa halikucheka. Baba aliitwa, na mzee wa kanisa Obadiah, waliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyemhoji. Mama alikuwepo, na haya ni kama alivyotusimulia.

"Elijah, ile ilikuwa tafsiri au ilikuwa kutasa?"

"Ilianza kuwa tafsiri."

"Na ulipoendelea, ulikuwa unasema na nani?"

Baba aliangalia sakafu. "Na Donald."

"Donald yuko na Bwana. Hapulizwi soda."

"Najua aliko. Nilimsalimu tu. Sikuwa nimemsalimu tangu tumzike."

Baraza lilimwambia asimame mbele ya ushirika Jumapili, atubu kwamba aliwaendea wafu, naye angesamehewa siku hiyo hiyo. Baba alijibu kwamba angetubu hasira, kiburi na kila dhambi waliyoijua, lakini hakuweza kusimama mbele ya madhabahu na kumkana mtoto wake. Akazuiwa Meza ya Bwana. Kwa sheria ya kanisa letu, aliyezuiwa akifa kabla hajarudishwa haingizwi kanisani, hazikwi na mchungaji, wala halazwi katika kiwanja cha kanisa. Kila mmoja wetu alielewa maana yake. Baba asingelala karibu na Donald.

Kwa miaka mitano baba hakuacha ibada; alipokuwa bado Voi, alipanda kila Jumapili ya mapumziko yake. Aliketi benchi la nyuma, na wakati wa Meza alitoka nje akasimama kando ya kaburi la Donald mpaka ibada iishe. Mama alimsihi mara nyingi.

"Baba Donald, sema tu hayo maneno. Ni maneno. Wewe umesema maneno ya Kleoni, ya majoka na ya wale wanawake wenye mabawa."

"Hayo hayakuwa yangu, Lois. Haya yangekuwa yangu."

Kwa Nzomo hakurudi. Mchezo ule uliendelea miezi kadhaa bila mtafsiri, watu wakipungua, na wengi wenu hamkujua kama Kleoni alifika kwao. Nasi hatujui.

Mwaka 1982 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika kwamba figo zake zilikuwa zimedhoofika. Alistaafu na kurudi Wusi. Mwaka huu wa ukame alizidiwa, akalazwa hospitali ya Wesu. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo, Mungu awabariki. Mchungaji alimtembelea na kumuuliza kama yuko tayari kutubu. Baba aliungama dhambi nyingi kwa machozi. Alipofikishwa kwenye lile jambo, alitikisa kichwa. Mchungaji alimwombea akaondoka, naye pia akilia. Jumapili tarehe 9 Septemba, saa tatu asubuhi, baba yetu alikata roho, mama akiwa amemshika mkono.

Familia iliomba baraza limruhusu alazwe kwenye kiwanja cha kanisa. Baraza lilikaa Alhamisi. Jioni mzee Obadiah alikuja nyumbani peke yake na hakutaka kuketi.

"Mama Donald, tumeshindwa," alisema. "Nimeomba Elijah arudishwe. Wameniambia mimi ndiye niliyemhoji, na sheria haiwezi kugeuka kwa sababu yule mtu amekufa."

"Unaomba leo, Obadiah? Alikuwa hai miaka mitano."

"Nilidhani atachoka kabla yangu."

Mama alimuuliza kama wazee wamekatazwa kuimba.

"Kuimba hatujakatazwa."

"Basi mje mwimbe. Na wewe ubebe jeneza upande wa miguu."

Ndiyo sababu leo tumekusanyika katika shamba hili na si kanisani, na hamwoni mchungaji mbele yenu. Tunaomba asilaumiwe mtu. Kaburi limechimbwa kwenye kona ya juu ya shamba, mahali pa karibu kabisa na kanisa ndani ya mpaka wetu. Kati yake na Donald kuna bonde. Sisi watoto tulilelewa katika imani hii na tutabaki ndani yake, lakini hatukupata jibu la kumpa mama alipotuuliza bonde hili litavukwaje. Tumemwachia Mungu, ambaye naye alimtoa Mwanawe na anajua uchungu wake.

Marehemu ametangulia mbele za haki akiwa na umri wa miaka 53. Ameacha mjane, Lois Wakio. Watoto watatu, Susan, Alexander na Nthambi, aliyepewa jina la rafiki wa mama wa huko Voi. Mkwe mmoja na wajukuu wawili. Amemfuata mwanawe, Donald.

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako Elijah, umpumzishe, na umruhusu amsalimu mwanawe.