Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuketishwa Kiti cha Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa breki wa karakana yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Idara nyingine zimepokea habari hizi kwa huzuni. Sisi wa mapokezi tumeshusha pumzi. Kuanzia Jumatatu, mteja tuliyemwahidi gari lake saa tisa anaweza kulipata saa tisa, jambo ambalo hadi sasa tulikuwa tunalisikia kwa washindani wetu tu.

Jina lake kamili limo kwenye faili lake la kazi, na huko ndiko lilikobaki. Sote tunamwita Mzee Mizani, tangu enzi ambazo hakuwa mzee, kwa sababu swali lake kwa kila gari ni moja: mbele inashika kiasi gani, na nyuma je? Mteja aliyekuja kubadilisha taa aliulizwa. Muuza karanga aliyepita na baiskeli naye aliulizwa, akaondoka hajauza kitu.

Alianza kazi kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akapanda hadi kukabidhiwa kona ya mwisho ya karakana, kati ya kabati la spana na dirisha lisilofunguka. Ofisi ilidhani inamkomoa. Yeye alidhani amepewa ufalme. Kwa miaka yote hiyo hakuchelewa hata siku moja, hakuwahi kuugua siku ya Jumatatu, na kila spana aliyoazima aliirudisha ikiwa imefutwa. Kwa tabia hizi alijinyima marafiki wengi.

Mchango wake mkubwa kwa biashara yetu ni utaratibu ambao haumo kwenye mwongozo wowote. Akimaliza breki za gari, anaimwagia maji lami ya uani, anaweka matofali mawili pembeni kuwa alama, kisha anamwomba mwenye gari, kwa adabu zote, apande kiti cha nyuma. Yeye anashika usukani, anakimbiza gari hadi kwenye matofali, anakanyaga breki, anashuka na kuhesabu hatua hadi gari liliposimama. Idadi anaiandika kwenye daftari. Maelezo yake ni kwamba dereva hujisikia yeye mwenyewe tu. Anayeketi nyuma ndiye anayejua gari limetulia au limeyumba. Hivyo tumemwona hakimu akikunjwa nyuma ya kigari cha milango miwili, na bwana harusi akiwa amekwisha kuvaa suti. Hakimu alilalamika kwa maandishi, na Mzee akapewa barua ya kwanza ya onyo. Ya pili ilitokana na gari la meneja mwenyewe, alilokataa kulitoa kwa siku tatu, na hakuonyesha hata dalili ya majuto.

Kwa msiojua taratibu zetu: ukipata barua ya tatu unaondoka bila sherehe, bila cheti cha utumishi, bila hata keki hii mnayoila.

Tunafika Machi mwaka huu. Mkuu wa mapokezi, ambaye hatutamtaja ila ndiye anayeandika haya, alikuwa amenunua kigari chekundu cha mbio, cha zamani kidogo, chenye injini ya hasira na kisicho na ule mfumo wa umeme unaozuia matairi kujifunga. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye kitambi, bila shaka alikihitaji sana. Nikaagiza breki kubwa za mbele: diski pana kama sinia, na kalipa nyekundu za kuzibana. Rimu zangu zina matundu makubwa, na niliona aibu watu wachungulie humo wakute chuma cha kawaida.

Mzee Mizani aliliangalia boksi bila kuligusa. Akaniuliza nyuma nimeandaa nini. Nikamjibu kwamba nyuma hakuonekani. Basi nikapewa darasa nisiloliomba: kwamba gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, na waliolitengeneza walikwisha kugawa kazi ya mbele na ya nyuma kwa kipimo, kwamba ukiipa mbele nguvu kupita kiasi, matairi ya mbele yatajifunga mapema na kuteleza huku ya nyuma yakiwa likizo, kwamba tairi linaloteleza halisikii usukani, na kwamba kinachosimamisha gari ni tairi lililoshika barabara, si upana wa sinia. Ushauri wake ulichosha kuliko wote niliowahi kupewa: pedi nzuri za aina moja mbele na nyuma, mafuta mapya ya breki, mipira mipya ya kupitishia mafuta hayo, matairi bora. Hakuna hata kimoja kinachoonekana kupitia matundu ya rimu.

Nilimshukuru, kisha nikaipeleka kazi kwa fundi wa springi, ambaye hana falsafa.

Lakini kanuni yetu inasema gari lililobadilishwa breki halitoki getini bila sahihi ya fundi mkuu wa breki. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake binti yangu, mwenye leseni ya miezi miwili, alikuwa aendeshe kigari hicho kumpeleka bibi yake, yaani mama yangu mzazi, kwa dada yangu, safari ya saa mbili yenye mteremko mrefu. Mzee Mizani aliisoma fomu, akairudisha bila sahihi, akautia ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli na kwenda kunywa chai.

Nikaandika barua ya malalamiko. Niliiandika vizuri, niseme ukweli. Maneno "ukaidi uliokithiri" yamo mara mbili. Meneja, ambaye alikuwa hajasahau gari lake, alimwita Mzee na kumpa hadi saa kumi na moja jioni: sahihi, au barua ya tatu. Alikuwa amebakiza miezi mitatu ya kazi. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba anaomba kitu kimoja tu, mkuu wa mapokezi ashuke uani.

Nilishuka na tai yangu shingoni ili nimwaibishe mbele ya watu. Binti yangu alikuwa amekuja kuchukua gari, akasimama mlangoni kutazama. Mzee alifungua daftari: kigari changu, siku nilipokileta mara ya kwanza, hatua ishirini na moja. Akachukua boksi tupu la zile breki zangu mpya, akaliweka hatua ya ishirini na nne. Nikaingia nyuma, magoti yakanifika masikioni. Alipokanyaga, matairi ya mbele yalijifunga. Alizungusha usukani kulikwepa boksi, na gari likaenda zake moja kwa moja kana kwamba hakuna aliyeliambia kitu. Boksi likapita chini yetu. Hatua ishirini na tisa.

Mimi si mtu wa kukubali haraka. Nikasema amekanyaga vile kwa makusudi. Akaniachia usukani, akaketi yeye nyuma bila kunung'unika, nami nikaliponda boksi mara ya pili, kwa ustadi zaidi. Niliposhuka, binti yangu hakuwa ananitazama mimi, alikuwa analitazama boksi. Akaniuliza taratibu, "Baba, humu ndimo ningempandisha bibi?" Nikamwachia Mzee gari afanye atakavyo, nikarudi mapokezi.

Saa kumi na moja ilimkuta Mzee chini ya gari, akirudisha breki za zamani na kufunga pedi mpya kwenye magurudumu yote manne. Saa hiyo hiyo, ofisini juu, barua ya tatu ilitiwa sahihi. Ningeweza kupanda ngazi kuizuia. Sikupanda, kwa sababu ningelazimika kusema nimekosea, na wafanyakazi wenzangu walikuwa bado hawajaondoka.

Jumamosi, katikati ya mteremko, lori lililokuwa mbele ya binti yangu lilisimama ghafla na kuziba njia. Alikanyaga. Kigari kikasimama palepale njiani mwake, hakikuyumba, na nafasi iliyobaki kufikia lori, kwa alivyoikadiria, ilikuwa hatua tatu. Hesabu ya ishirini na tisa kutoa ishirini na moja fanyeni wenyewe. Mimi naifanya mpaka leo. Mama yangu alikuwa amelala nyuma na wala hakuamka. Aliporudi alilalamika kwamba safari ilimchosha kwa sababu hakukuwa na la kutazama.

Jumatatu ndipo nilipopanda ngazi. Meneja alinieleza kwamba barua iliyokwisha kutiwa sahihi haifutwi ila kwa barua nyingine, itakayoandikwa na aliyelalamika, ikitaja kosa lake bila kuzunguka, na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Iko pale hadi leo, chini ya ratiba ya usafi. Wengi mmeisoma. Wawili kati yenu mmeisahihisha kwa kalamu nyekundu, na nawafahamu.

Mkewe Mzee ametuomba tumwajiri japo nusu siku, maana tayari ameanza kukagua toroli la bustani. Tumemjibu kwamba tumeteseka vya kutosha, sasa ni zamu yake.

Mzee wetu, hujawahi kunitajia ile barua yangu. Ungenifokea ningepata nafuu. Badala yake uliniuliza kama mama alifika salama, ukarudi kwenye kona yako. Nimejaribu kuandika yote haya kwa kejeli kwa sababu upande wa pili wake unanishinda: saa ile niliyokuwa nataka ufukuzwe, wewe ulikuwa umelala chini ya gari langu ukiwaokoa mama yangu na binti yangu. Nisamehe. Asante kwa kila sahihi uliyotunyima. Karakana nzima inakuombea afya, amani na miaka mingi ya furaha na familia yako. Mama yangu na binti yangu wamekuja kukuaga wenyewe. Wako hapa ukumbini, wote wawili.