Mama Nukta na Kadi ya Mpishi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mama, familia imenituma mimi, binti yake, mtoto wa mwisho, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nukta, na kwa kuwa yeye asingevumilia tarehe ya kukisia, kila tarehe mtakayoisikia nimeihakiki kwenye cheti, kwenye kadi au kwa mtu aliyekuwepo, na pale nilipokosa uhakika nitasema wazi.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mke wake. Saa ya kuzaliwa haijulikani, jambo lililomsumbua hadi uzeeni, kwani mkunga alikuwa bibi yake mwenyewe, ambaye hakuwa na saa, ila alishikilia kwamba ilikuwa kabla ya chai.

Alianza shule ya msingi Januari 1969 na kumaliza 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akimuuguza bibi huyo, na mwaka 1983 akajiunga na chuo cha afya, alikosomea utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa na kuhitimu Julai 1985, wa pili darasani, na mpaka juzi alikuwa bado anaweza kueleza ni swali gani lililomnyima nafasi ya kwanza.

Tarehe 2 Septemba 1985 aliajiriwa katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, chumba chenye dirisha moja na rafu hadi darini, na kazi yake, kwa wasioifahamu, ilikuwa hii: daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, karani anaisoma kadi, anafungua kitabu kikubwa cha magonjwa yote, anauandikia namba yake, na tangu hapo mgonjwa huhesabiwa na kutambuliwa kwa namba ile, na kila atakayeifungua rejista ataiamini. Jina la Mama Nukta alipewa na wenzake kwa sababu namba nyingi zina nukta, na kadi iliyokosa nukta inayotakiwa aliirudisha kwa aliyeiandika, hata kama ni ya mkuu wa hospitali.

Baba alikuwa fundi umeme, akaja Mei 1987 kurekebisha nyaya za chumba hicho, akaungua kidole gumba, na mama, kabla ya kumpa pole, akamuuliza ameungulia wapi, nyumbani au kazini, maana kitabu kinataka kujua, naye baba akamjibu, "Dada, si hapahapa mbele yako?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu tarehe 6 Agosti 1990, na mimi tarehe 30 Aprili 1999. Baba alitutangulia tarehe 19 Novemba 2012.

Sasa nafika mahali ambapo mjomba aliniomba juzi niparuke, akisema mambo mengine huzikwa na mwenyewe, nami namheshimu mjomba, lakini mama aliniagiza mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono nirudie maneno yake, kwamba jambo hili lisomwe kama lilivyotokea.

Tarehe 17 Februari 1998, wiki ambayo idara ilikuwa inahamia kitabu kipya na kadi zilikuwa zimerundikana hadi sakafuni, ilimfikia kadi ya msichana wa miaka ishirini na mbili ambayo daktari ameandika, mabaka meupe mikononi, ukoma, halafu alama ya kuuliza. Kanuni inasema ugonjwa wenye alama ya kuuliza haupewi namba yake, unapewa namba ya dalili, au kadi inarudishwa kwa daktari, na kanuni hiyo mama alikuwa amewafundisha wenzake asubuhi ya siku hiyohiyo. Lakini hakuirudisha, aliandika A30.9, ambayo ni ukoma, na nukta aliiweka vizuri kabisa.

Msichana yule alikuwa amekubaliwa kazi ya upishi katika shule ya bweni, cheti chake cha afya kikajazwa kutoka kwenye rejista, akarudishwa getini na aproni yake mkononi, kisha afisa wa ukoma akafika kwao na kuuliza mbele ya majirani analala na nani chumba kimoja, na tangu wiki ile dada yake akamtengea sahani na kikombe. Mama hakujua lolote kati ya hayo.

Agosti 2006 mama mwenyewe alitoka baka jeupe kando ya pete, likavuka vidole, likapanda hadi kiwiko, na daktari wa ngozi akaandika vitiligo, yaani ngozi kupoteza rangi yake, ugonjwa usioambukiza wala kuua. Mwenzake mmoja, kwa huruma, alitaka kumwandikia namba ya jumla isiyotaja jina, mama akamnyang'anya kalamu, akaandika L80, namba isiyo na nukta yoyote, na palepale akajiuliza ni kadi ngapi za mabaka amewahi kuzipa namba nyingine. Kwa wiki tano alitumia saa zake za chakula cha mchana stoo, akatoa kadi zote za A30.9 alizoandika kwa mkono wake, arobaini na moja, na moja ilikuwa na alama ya kuuliza.

Tarehe 4 Oktoba 2006, siku ya Jumatano, alimpata mwenye kadi ile, ambaye tangu hapo sote tunamwita Mpishi, akipikia wapakiaji mizigo kwenye banda nyuma ya ghala la saruji, na mimi nilikuwepo, nina miaka saba. Mama alieleza kila kitu akiwa amesimama, Mpishi akaendelea kusugua sufuria hadi mwisho, kisha akaitazama mikono ya mama, akasema, "Kumbe limekufika." Mama akasema ndiyo. Mpishi akamuuliza, "Na lisingekufika, ungekuja?" Mama akamwomba afike hospitali Jumatatu apimwe upya, na tukarudi nyumbani.

Tarehe 9 Oktoba daktari alimpima Mpishi kwa pamba na sindano, akakuta ngozi inahisi kila mahali, tofauti na baka la ukoma ambalo hufa ganzi, na mama akaikata namba ya zamani kwa mstari mmoja, ili kosa lisomeke, akaandika L80, tarehe na sahihi yake. Nafasi ya shule ilikuwa na mtu mwingine kwa miaka minane. Mpishi hakushukuru, aliichukua barua ya daktari na kusema ataiweka kwenye kopo la sukari, anapofungua kila siku.

Ila Jumatano iliyofuata alikuja kwetu, na nyingine, akaendelea kuja, wakilinganisha mikono mezani kama watu wanaochagua kitambaa, Mpishi akijigamba kwamba mabaka yake yamekaa kwa mpangilio, na siku jirani alipomuuliza mama ni krimu gani imemharibu hivyo, ni Mpishi aliyejibu, "Ingekuwa krimu, angenunua ya kutosha mwili mzima."

Mama alistaafu tarehe 14 Machi 2022. Shinikizo la damu lilikuwa limegunduliwa 2015, tarehe na mwezi sikuvipata, figo zikaanza kushindwa 2023, na kuanzia tarehe 8 Januari 2024 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nasisitiza, kwa wanaonong'ona hapa nje, kwamba mabaka hayakumuua mama, na cheti cha kifo kinasema figo.

Jumatano tarehe 11 Juni mwaka huu, 2025, Mpishi akiwa anamnywesha supu wodini, mama alimzuia kijiko, akasema swali lake la banda amelifikiria miaka kumi na minane na miezi minane, na jibu ni hapana, asingekuja. Mpishi akasema, "Nilijua siku ileile. Kunywa, inapoa." Mama akanywa hadi chini, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Alifariki Jumamosi tarehe 21 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka 63, miezi mitatu na siku saba, akiacha watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuachia milango wazi, na wenzake wa chumba cha kumbukumbu, ambao jana walinipa faili lake nilikague kabla halijahamia rafu ya waliotangulia. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila namba iko mahali pake. Tunamshukuru Mpishi, aliyekaa hapa mstari wa mbele na familia, kwa kuwa ndipo mama alipoagiza akae.

Mama, nimelisoma lote, sikuruka. Sasa pumzika, kwa amani.